Mkata Miti Aliyesema Hajui

Kosa langu la kwanza hapa Mwanza lilikuwa la usafi. Nilichoma majani mahali pasipostahili, kila jioni, kwa misimu miwili ya kiangazi, na kwa kufanya hivyo niliua miti miwili ambayo haikuwa yangu. Sijawahi kuiandika habari hiyo mahali popote, na hata leo nimeifuta mara nne kabla ya kuiacha ibaki. Naiandika kwa sababu mtu niliyedhani anaijua kuliko wote amefariki. Nilipata taarifa wiki iliyopita huko Mkuyuni, nilikokwenda kumwona fundi seremala kuhusu meza yangu ya kuandikia, ambayo nimeirudisha kwake mara tatu kwa sababu mguu mmoja unacheza. Fundi alikuwa anapiga randa bila kuinua macho. "Yule mzee wako wa kamba hatunaye," aliniambia. "Tumeshamzika. Kwao, Ukerewe." Nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu alimuuliza: aliangukiwa na mti? Fundi akasimamisha randa akanitazama kana kwamba nimemtukana maiti. "Mti gani, bwana? Homa tu. Siku nne, kitandani kwake." Nilibaki nimeshika mguu wa meza. Mtu aliyeshinda maisha yake yote chini ya vitu vinavyoanguka alikuwa amefia mahali salama kuliko pote nyumbani kwake, nami sikujua nifanye nini na habari hiyo. Mpaka sasa sijui.

Mnaoisoma safu hii mara kwa mara mnanifahamu. Mimi ni yule anayerudi nyumbani kutoka nusu ya njia kuhakikisha kama amefunga mlango, kisha anarudi tena kuhakikisha kwamba alipokwenda kuhakikisha hakuuacha wazi. Shule niliiacha kidato cha pili, na baada ya hapo nimesomeshwa na karatasi: magazeti ya zamani, vijitabu vilivyopoteza majalada, kurasa zilizofungiwa maandazi. Nilipokuja kuishi na shangazi yangu kwenye mteremko wa Kirumba, yeye akiwa muuguzi mstaafu na mjane, niliona nafasi ya kumlipa fadhila zake kwa kuufanya uwanja wake uwe safi kuliko uwanja wowote kati ya pale na Mwaloni. Uwanja huo ulikuwa na mijohoro mitatu. Mume wake aliipanda mwaka waliojenga, miwili upande wa ziwani mbele ya dirisha la chumba cha kulala, na mmoja kando ya njia ya kuingilia. Shangazi hakuwa na picha kubwa ya mumewe ukutani kama wajane wengine. Mgeni akiuliza habari za marehemu, alimwonyesha ile miti.

Basi mjohoro hupukutisha majani madogo yasiyokwisha, na kiwanja kilikuwa na mchwa. Siku moja nilifungua kifurushi cha maandazi nikakuta ukurasa wa gazeti uliokuwa na maelezo ya namna ya kufukuza mchwa. Ulisema majani makavu yarundikwe, yachomwe polepole, kwa kuwa mchwa hawapendi moshi. Nusu ya chini ya ukurasa ilikuwa imechanika. Nilichukua ile nusu niliyokuwa nayo kama mtu aliyepewa shahada. Kila jioni nilifagia, nikarundika majani kwenye mashina ya ile miti miwili ya upande wa ziwani, nikawasha. Ule wa njiani sikuuchomea, kwa sababu moshi ungewakera wapita njia. Baada ya msimu wa pili ile miwili haikuchipua. Magome yalianza kubanduka kama rangi ya ukuta mbovu, matawi yakawa yanavunjika yenyewe wakati wa upepo na kupiga bati juu ya kitanda cha Shangazi. Nilihisi kilichotokea, lakini sikutaka kukijua. Niliacha kuchoma, nikatandaza udongo mpya kwenye mashina na kuushindilia kwa miguu mpaka ukawa laini kama sakafu.

Shangazi alisema atafutwe mtu wa kuiondoa kabla haijatuua. Jirani akamleta huyu marehemu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye kiatu kimoja kilichofungwa kwa waya, na begani alibeba kamba nene ya kufungia mitumbwi. Zamani alikuwa mwajiriwa wa shirika moja la umma ambalo sasa halipo, kazi yake ikiwa kutunza miti kwenye nyumba za wafanyakazi. Shirika lilipopunguza watu, wenzake walifungua vioski au wakarudi kulima. Yeye aliendelea kufanya kazi ileile, ila sasa hakuwa na mshahara wala sare, na kila mlango ilibidi aanze upya kueleza yeye ni nani. Hakuwa mzuri katika kueleza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa juu matawini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilishika daftari lenye maswali kumi na manne, nikayasoma moja baada ya jingine. Utaanzia wapi? "Nitaona." Mti utaangukia upande gani? "Sijui bado." Kazi itachukua siku ngapi? "Sijui. Inategemea upepo." Je, bati litapona? Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza. "Kijana, we unataka mti au unataka cheti?"

Kisha akafanya jambo lililonikera zaidi. Alimwomba Shangazi amwonyeshe anapolala. Mimi nilikwisha kuona ni utovu wa adabu, nikafungua mdomo, lakini Shangazi, ambaye miaka thelathini alikuwa ameingia vyumba vya wagonjwa wasioweza kujificha, alifungua tu mlango. Yule mzee alisimama mlangoni, akatazama kitanda, akatazama dari, akapima kwa jicho kutoka kwenye mto wa kulalia hadi dirishani, akatoka. "Na kuku mnawalaza wapi?" akauliza. Tukamwonyesha banda. "Siku hiyo na wenyewe watoke." Alirudi kwenye mti ulio karibu na dirisha, akaugonga kwa mgongo wa panga akisikiliza, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Halafu akachuchumaa kwenye shina na kuanza kuparua ule udongo wangu mzuri. Nilimwona akifika kwenye weusi. Aliufuata kwa kidole, polepole, kulizunguka shina lote, mpaka kidole kikarudi kilipoanzia. Akaenda kwenye mti wa pili akafanya vilevile. Akautazama wa tatu, mbichi, wenye maua ya njano.

"Nani anafagia hapa?" akauliza.

"Mimi, mzee."

"Unafagia vizuri sana."

Shangazi alikuja na chai na kumuuliza kilichoiua miti ya mumewe, maana watu walikuwa wanamwambia mengi, wengine mchwa, wengine jirani mwenye kijicho. Nilisimama pale nimeshika ufagio. Yule mzee alipuliza chai yake. "Mama," alisema, "mimi nimekuja kuiangusha, sikuja kuipima damu." Shangazi alicheka, kwa kuwa yalikuwa maneno ya hospitali. Mzee aliaga akasema atarudi kesho mchana, upepo wa ziwani ukishageuka, aone mti unavyokaa ndani ya upepo. Baada ya hapo angerudi tena asubuhi moja. Alikuwa na desturi hiyo: mti mmoja aliutazama mara tatu kabla ya kuugusa.

Nataka kuwa mkweli hapa, ingawa ukweli wenyewe sina hakika nao. Usiku ule nilimwambia Shangazi kwamba mzee yule hafai. Nilisema hana karatasi hata moja, hana mashine, na kila akiulizwa hajui. Nilisema zama zimebadilika, sasa kuna watu wanaofanya mambo haya kitaalamu. Yote hayo niliyaamini nilipokuwa nikiyasema. Lakini kama yule mzee asingeuparua ule udongo, ningeyasema? Nimejiuliza swali hilo kwa miaka, na jibu hubadilika kufuatana na siku. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho. "Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Wale wa umri wangu mnakumbuka hali ya mji ilivyokuwa. Kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa kwa mkupuo. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota ufukweni, samaki alikuwa anapanda ndege akiwa minofu na kutuachia kichwa na mifupa, na mtu aliyekuwa mwenye duka la viberiti Januari, ilipofika Juni alikuwa na kampuni. Mihuri ilichongwa kandokando ya barabara kama mahindi yanavyochomwa. Sisemi hayo kwa dharau. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa ruksa hiyo, maana ni nani angemruhusu mtu wa kidato cha pili kuandika gazetini zamani? Mlango uleule ulioniingiza mimi ndio uliomtoa yule mzee, na sijui nisimame upande gani wa mlango huo ili niwe mwadilifu.

Kampuni niliyoipata ilikuwa na chumba kimoja mjini kati, chenye feni na kalenda. Ubao wake ulitangaza uagizaji wa magari, dawa za wadudu, upambaji wa maharusi, na ukataji wa miti. Mwenyewe alikuwa kijana wa rika langu, mwenye tai, na alinikaribisha kwenye kiti kabla sijasema shida yangu. Nilifungua daftari. Mti utaangukia uwanjani? "Bila shaka." Siku moja inatosha? "Nusu siku." Bati litapona? "Kaka, sisi ni wataalamu." Maswali kumi na manne, na yote yalijibiwa ndiyo. Nilitoka pale nimepumua kama mtu aliyetua mzigo wa mkaa. Sikujiuliza inawezekanaje mtu ajibu maswali kumi na manne kuhusu mti ambao hajauona.

Yule mzee alirudi kesho yake mchana, kama alivyosema. Nilimwahi njiani, chini ya ule mjohoro wa tatu. Nilimwambia kwamba Shangazi amepata watu wengine. Nilisema Shangazi, sikusema mimi. Aliitikia kwa kichwa, akahamisha kamba kutoka bega moja kwenda jingine. Nilisubiri aniambie neno, anitishie, anikumbushe anachokijua. Badala yake alitazama juu ya bega langu, matawi makavu yalivyokuwa yanainamia nyumba. "Waambie wakate asubuhi," alisema. "Asubuhi upepo unatoka mlimani kwenda ziwani, utawasaidia. Wakichelewa ukigeuka, mti utarudi nyumbani." Niliyaandika maneno hayo daftarini, kwa sababu mimi huandika kila kitu. Ila sikuyasoma kwa yeyote. Ningewaambiaje wataalamu kwamba nimeelekezwa na mtu niliyemkataa kwa kutokujua?

Walikuja saa nane mchana, ndani ya pikapu, wakiwa wanne pamoja na msumeno wa mashine. Ulipowaka, mtaa mzima ulitoka kutazama, na mimi, nakiri, niliona fahari. Walikata kabari ndogo upande wa ziwani, halafu wakahamia upande wa nyumba na kuanza kukata kwa nyuma. Ziwa lilikuwa limekwisha kujikunja. Upepo ulipanda mteremko, ukaingia kwenye yale matawi, na mti ulioambiwa uende mbele ukaketi nyuma. Niliona ule mpasuko ukifunga mdomo. Msumeno ukabanwa ndani ya shina, ukapiga kelele, ukazimika. Kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho mti ukalia, mlio mrefu kama wa mlango wa ghala. Wale wanne hawakusubiri kuambiana. Kijana wa tai alitembea kinyumenyume hadi kwenye pikapu. "Tunakwenda kuchukua jeki," aliniambia. "Tunarudi sasa hivi, kaka."

Hawakurudi. Mti ulikuwa umekatwa zaidi ya nusu, umeinamia dirisha la chumba, msumeno ukiwa umening'inia shinani kama kupe. Na Shangazi alikuwa ndani. Alikuwa ameingia kuchukua kitambaa cha kichwa, akaketi kitandani, na sasa hakutaka kutoka. Majirani walimwita. Nilimwita. Nilisimama uwanjani nikimsihi kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto. Alijibu bila kupaza sauti, dirisha likiwa wazi, "Aliupanda mwenyewe. Ukiamua kuniangukia, tumalizane naye." Jirani wa kiume alisema tumbebe. Mwingine akasema anayeingia kumbeba naye ataangukiwa. Upepo ulikuwa bado unapanda. Kila tawi lilipokwaruza bati, nilimwona akiinua uso kidogo, kisha akiushusha.

Nilikimbia kwenda Mwaloni, sokoni kwa samaki. Nilijua yule mzee huwa anapasulia kuni akina mama wanaokausha samaki. Nilimkuta ameketi juu ya gogo anakula ugali na kichwa cha sangara, akibishana na mwanamke mmoja mnene aliyesema kuni zake hazikauki. "Kuni zangu zimekauka kuliko moyo wa mumeo," alikuwa akimwambia, na wanawake wakicheka. Nilifika sina pumzi. Nilisema yote kwa pamoja, mti, msumeno, Shangazi, na katikati yake, bila kuulizwa, mbele ya wale wanawake, nikasema kwamba mimi ndiye niliyeichoma. Nilikuwa nalia. Yule mzee alinisikiliza huku akinyonya mfupa.

"Upepo umeshalegea?" akauliza.

"Sijui, mzee."

"Eeh," alisema, akanawa mikono. "Sasa tunaweza kwenda."

Aliwaita wachukuzi watano waliokuwa wamemaliza zamu yao, tukapanda mteremko. Alipofika hakuusogelea mti mara moja. Aliuzunguka kwa mbali, akachukua jiwe la ukubwa wa ngumi, akalifunga kwenye uzi wa nyavu na kulirusha. Mara ya tatu likapita kwenye panda ya juu. Uzi ukavuta kamba, na kamba akaizungusha kwenye lile jabali lililo chini ya uwanja, upande wa ziwani, ambalo mimi siku zote nililiona ni la kuanikia nguo. Akaikaza yeye mwenyewe, akaigusa kwa kidole kama mtu anayepima zeze. Halafu akaweka panga chini, akavua kiatu kile cha waya na kile kingine, akaingia ndani kwa Shangazi. Mlango ulifungwa nusu. Nilisikia sauti yake, chini sana, kisha sauti ya Shangazi ikiuliza neno, kisha yake tena. Ulipita muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilisimama nje nikijua kwa hakika kabisa anachomwambia. Anamwambia nani aliyeichoma. Anamwambia, mama, usife kwa ajili ya mti uliouawa na mpwa wako. Mlango ulifunguka, Shangazi akatoka amekumbatia mto wake wa kulalia, akanipita bila kunitazama, akaenda kwa jirani.

Asubuhi yake upepo ulikuwa unateremka. Mzee aligongomea kabari za mbao kwenye ule mpasuko, moja, mbili, tatu, mpaka ukafumbua mdomo na msumeno ukadondoka. Wachukuzi walishika kamba ya pili. "Vuteni kama mnavuta mshahara!" aliwaambia, mmoja akajibu, "Mzee, huo hatujawahi kuuona, tutauvutaje?" wakacheka, wakavuta wakiwa bado wanacheka, na mti ukaondoka dirishani, ukaenda mbele taratibu, halafu kwa ghafla. Ulilala kando ya jabali. Tawi moja liliponda banda la kuku na kuku mmoja ndani yake, kwa sababu katika yote yale mimi nilisahau kuwatoa. Mzee alilitazama banda, akanitazama mimi. "Nilisema na wenyewe watoke." Mti wa pili uliteremka kabla ya saa nne bila tatizo. Siku tatu baadaye kampuni ilituma mtu kuchukua msumeno wao. Alituletea barua iliyopigwa chapa, yenye nembo na muhuri, ikitushukuru kwa kuwachagua.

Tangu siku hiyo nimeishi na Shangazi katika mashaka ambayo siwezi kuyaeleza vizuri. Hakuwahi tena kuuliza kilichoiua miti. Hakunikaripia. Alichofanya ni kuagiza shimo lichimbwe nyuma ya nyumba, na kuniambia bila kugeuka kutoka jikoni, "Majani utupe humo." Je, hayo yalikuwa maneno ya mtu anayejua? Au ni shimo tu? Nilimkuta marehemu mara nyingi baadaye, Mwaloni na Mkuyuni, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama, na kila mara nilikusudia kumuuliza alimwambia nini siku ile, na kila mara nilimuuliza habari za kuni. Nilidhani wakati upo. Ndiyo maana nilisimama kwa fundi seremala kama mtu aliyeibiwa. Jibu langu lilikuwa limevuka maji kwenda Ukerewe na kufukiwa.

Niliporudi nyumbani siku ile nilimpa Shangazi habari za msiba. Alisema alikuwa mtu mwema na mwenye miguu mibaya. Kisha mimi, ambaye huandika sentensi moja mara saba, nikasema bila kuandaa kitu, "Shangazi, ile miti niliiua mimi. Nilikuwa naichomea majani."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. "Mwanangu," alisema, "mimi nina pua. Ule moshi ulikuwa unaingia dirishani kwangu kila jioni kwa miaka miwili."

Nilimuuliza, kwa nini basi hukunizuia?

"Nilidhani unajua unachofanya," alisema. "Ulikuwa unafanya kwa uhakika sana. Na ulisema umesoma mahali."

Nikamuuliza, basi mzee yule alikwambia nini, siku ile ndani? Hapo aliweka ungo chini. Alisema mzee hakunitaja. Aliketi sakafuni, akamwambia kwamba ameangusha miti mingi lakini huu anauogopa. Kwamba hajui kama kamba itashika. Kwamba akiwa na mtu chini yake mikono yake itatetemeka, na mikono ikitetemeka watakufa wawili. "Aliniomba nimsaidie," Shangazi alisema. "Madaktari wote niliofanya nao kazi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anaogopa. Nikainuka nikamsaidia."

Bado sielewi mengi. Sielewi kwa nini marehemu alinisitiri siku ya kwanza, kama ni huruma au aliona tu si kazi yake. Sielewi kwa nini tunamwamini haraka mtu asiyesita, wakati sisi wenyewe, tulio watu wa kusita, tunajua kusita kuna maana gani. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikimfikiria yule kijana wa tai, ambaye nimemcheka katika makala hii na katika moyo wangu kwa miaka, na ninaona kwamba kabla yeye hajafika uwanjani kwa Shangazi na msumeno wake, palikuwa na mtaalamu mwingine aliyemtangulia, mwenye ufagio na nusu ya ukurasa.

Meza yangu bado inacheza mguu. Juzi fundi aliniuliza kama tatizo ni mguu au ni sakafu ya chumba changu, nikamwambia sijui, na nilipofika nyumbani nikapima sakafu. Ni sakafu. Mjohoro wa tatu umesimama njiani, unatoa maua, na majani yake nayafagia kila jioni hadi shimoni, mbali na shina. Zamani nilikuwa naulizwa jambo nisilolijua nikajibu. Siku hizi nasema sijui, kisha ndipo naanza kutazama.